Tulivyojifunza Kuchagua Mahali pa Likizo kwa Watoto Wadogo

Mahali pa kwanza tulipowapeleka watoto wetu kwa likizo ya kiangazi tulipachagua kwa kutazama picha. Ilikuwa nyumba ya wageni iliyojengwa juu ya jabali, na kutoka kwenye roshani yake bahari ilionekana yote, kuanzia mawe ya ufukweni hadi upeo wa macho. Mimi na mume wangu tulikuwa tumemaliza mwaka mzima wa kukatishwa usingizi, na kila tulipoitazama picha ile tulijiona tumeketi pale jioni, watoto wamelala, upepo wa bahari ukitupepea. Binti yetu alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi saba, na mdogo wake wa kiume ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miezi mitano. Tulisoma habari za machweo ya mahali hapo na za maji yake ya samawati, tukalipa. Jambo ambalo hatukulisoma, kwa kuwa halikuandikwa popote na sisi hatukuuliza, ni idadi ya vidato vya ngazi vilivyokuwa kati ya nyumba ile na maji.

Vilikuwa 96. Nilivihesabu siku ya kwanza nikiwa nimembeba mtoto mchanga kwa mbeleko, mume wangu akiwa na mwavuli, mfuko wa nepi na maji ya kunywa, huku binti yetu akishuka kwa kuketi juu ya kila kidato kwa sababu miguu yake ilikuwa mifupi mno. Tulitumia nusu saa nzima kufika chini, na tulipofika ilikuwa yapata saa nne na nusu asubuhi, jua limekwisha kupanda, na ufukwe ulikuwa mchanga mtupu usio na mti hata mmoja. Saa tano na nusu macho ya binti yetu yakaanza kuwa mazito, kwa kuwa huo ulikuwa wakati wake wa kulala mchana. Baba yake akampakata na kuanza kupanda naye. Mtoto alipitiwa na usingizi begani katikati ya ngazi, kisha akaamka mlangoni ufunguo ulipogeuzwa, na mtoto wa umri ule akishaonja usingizi wa dakika 10 ni vigumu sana kumlaza tena. Alilia mpaka alasiri. Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo, na ya tatu pia, na kufikia siku ya nne tulikuwa tumeanza kusemezana kwa sauti ambazo nyumbani hatuzitumii.

Nilikuwa najua kwamba jua kali humdhuru mtoto, lakini sikuwa nimeelewa namna linavyofanya kazi mahali kama pale. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha ukali wa miale ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana ambayo huunguza ngozi, kinachoanzia sifuri, na hushauri watu wajikinge pindi kipimo hicho kinapofika 3. Katikati ya mchana wa kiangazi, mahali pengi kipimo hupanda hadi 8 na kuzidi. Mwavuli wetu, ambao niliuamini kama ningeliamini paa, ulizuia miale iliyotoka juu tu. Mchanga mkavu wa ufukweni huakisi takriban asilimia 15 ya miale hiyo, na povu la bahari takriban asilimia 25, kwa hiyo mtoto aliyelazwa chini ya mwavuli bado hufikiwa na jua kutoka pembeni. Mtoto wa chini ya miezi sita hapaswi kukaa juani kabisa, na losheni ya kukinga jua si kitu cha kutegemewa kwa ngozi yake. Kinga yake ni kivuli cha kweli, nguo nyepesi zenye mikono mirefu, na kofia yenye ukingo mpana. Ninaposema kivuli cha kweli namaanisha mti wenye majani yaliyoshikana, ukuta mrefu au paa la baraza. Siku moja nilikifunika kikapu cha mwanangu kwa shuka nyepesi nikidhani namtilia kivuli, na nilipoingiza mkono muda mfupi baadaye niliikuta hewa ya ndani ina joto kuliko ya nje. Nililiondoa shuka lile nikiwa natetemeka, na hadi leo nikiona kitambaa kimetandazwa juu ya kigari cha mtoto mchanga wakati wa joto, humwendea mzazi wake na kumweleza kwa upole.

Jioni ile mama mkwe wangu alipiga simu. Aliposikia joto lilivyokuwa, alisema, “Mwanangu, mpe mtoto maji, hilo joto litamkausha.” Nilimjibu, “Mama, kliniki walituambia mtoto anayenyonya tu hahitaji maji mpaka atimize miezi sita, hata kuwe na joto namna gani.” Ndivyo ilivyo, kwa kuwa sehemu kubwa mno ya maziwa ya mama ni maji, zaidi ya asilimia 80, na mtoto akihisi joto hunyonya mara nyingi zaidi na kupata anachohitaji. Lakini swali la mama mkwe lilinifungua macho kwa upande mwingine. Ikiwa mwanangu anahitaji kunyonya kila baada ya saa moja, mimi mamaye nitaketi wapi kila baada ya saa moja? Katika ufukwe ule hapakuwa na mahali pa kuegemeza mgongo. Nilinyonyesha nimesimama, nilinyonyesha nimechuchumaa kwenye kivuli cha jiwe, na mara mbili nilipanda vidato vyote 96 kwa ajili ya kunyonyesha tu. Kiti chenye mgongo kilichowekwa kivulini, karibu na mahali mtoto mkubwa anapocheza, ni miongoni mwa mambo ninayoyauliza kwanza sasa ninapoambiwa kwamba mahali fulani ni pazuri.

Usiku nao ulikuwa na habari zake. Kitanda cha mtoto tulichoahidiwa kilikuwapo, lakini nafasi kati ya fito zake ilikuwa pana kiasi kwamba ngumi yangu ilipita bila kugusa. Nafasi hiyo haipaswi kuzidi sentimita 6 hivi, ili mwili wa mtoto usipenye na kichwa kikabaki kimenaswa. Tulilitoa godoro lake dogo tukaliweka sakafuni, mbali na mapazia na kamba zake, na mwanangu akalala pale wiki yote. Ama ile roshani tuliyoipenda, ukingo wake ulikuwa na vyuma vya kulala, kimoja juu ya kingine, kama ngazi iliyotengenezwa makusudi kwa mtoto wa miaka miwili kuparamia. Tuliufunga mlango wake siku ya kwanza na hatukuufungua tena. Bahari tuliyoilipia tuliitazama kupitia kioo.

Siku ya tano binti yetu alianza kuhara. Sina haja ya kueleza sana ugonjwa wenyewe, kwa kuwa kila mzazi aliyesafiri anaujua. Ninalotaka kulieleza ni umbali. Duka la dawa lililokuwa karibu lilikuwa mwendo wa saa nzima kwa gari, na kituo cha afya mwendo wa saa moja na nusu, katika barabara yenye kona nyingi ambazo zilimtapisha mtoto aliyekuwa tayari anapoteza maji. Mimi sikuwa nimebeba hata pakiti moja ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, ambazo ni nyepesi kuliko soksi. Daktari alinionyesha namna ya kuzichanganya kwenye lita 1 ya maji safi, kumnywesha mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo bila kukoma, na kumwaga kinachobaki baada ya saa 24. Akampa pia vidonge vya zinki vya kutumia kwa siku 10 hadi 14. Alinifundisha dalili za hatari ambazo sijazisahau: macho yaliyobonyea, kulia bila machozi, nepi iliyobaki kavu kwa saa nyingi, mtoto kulegea na kusinzia isivyo kawaida. Aliongeza kwamba kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, joto la mwili la nyuzi 38 peke yake linatosha kumfanya mzazi amkimbize hospitali bila kusubiri dalili nyingine. Nilitoka pale nikiwa na swali ambalo nilipaswa kuwa nalo kabla ya kulipa: usiku wa manane, ikiwa mmoja wao ataungua kwa homa, nitamfikisha wapi, kwa njia gani, na kwa muda gani?

Tuliondoka siku mbili kabla ya tarehe yetu. Dada yangu mkubwa, ambaye ana watoto wanne, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, “Mdogo wangu, mlikwenda likizo ya watu wawili mkiwa wanne.” Hakusema kwa kunilaumu. Neno lake lilinikaa moyoni majuma mengi, na ndilo lililotufanya mimi na mume wangu tukae chini majira ya baridi yaliyofuata na kuanza kutafuta mahali kwa namna nyingine kabisa.

Tulianza na swali la likizo hii ni ya nani. Watu wazima wachache sana hukumbuka jambo lolote lililowapata kabla ya kutimiza miaka mitatu, na hata ya mwaka wa nne huwa ni vipande tu. Maana yake ni kwamba mwanangu hatakumbuka bahari wala ziwa wala mlima wowote tutakaompeleka kwa sasa. Nilipolitafakari jambo hili mara ya kwanza nilihuzunika, kwa sababu nilikuwa natamani kuwapa watoto wangu kumbukumbu. Baadaye liliniondolea mzigo. Kama mtoto hatakumbuka jina la mahali, basi sifa za mahali hazimhusu. Kinachomhusu ni siku yenyewe anapoiishi: amelala vya kutosha au hakulala, anaona baridi au joto, mama yake ametulia au ana wasiwasi. Ulimwengu wa mtoto wa umri huo hauzidi hatua 200 kutoka kwenye kitanda chake, nasi tulikuwa tumesafiri kutwa nzima kumpelekea upeo wa macho.

Kwa hiyo tulichukua karatasi tukaandika siku ya watoto saa kwa saa, kama ilivyo nyumbani na si kama tulivyotamani iwe. Kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Kula. Kutoka nje mapema kabla jua halijakaza. Kurudi ndani kabla ya saa tano. Mdogo alale, mkubwa atulie. Kutoka tena baada ya saa kumi. Kuoga, kula, kulala saa moja usiku. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 16 kwa siku, wa mwaka mmoja na miwili saa 11 hadi 14, na wa miaka mitatu na minne saa 10 hadi 13, ukihesabu na usingizi wa mchana. Tulipojumlisha, tuliona kwamba zaidi ya nusu ya likizo ya watoto wetu ingepita wakiwa wamelala au wakiandaliwa kulala, na kwamba muda wa kuwa nje ungekuwa vipande viwili vifupi, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mahali panapohitaji safari ya dakika 40 ili kufika kwenye mchezo hula kipande kizima. Tuliichukua karatasi ile na kuiweka juu ya kila mahali tulipopafikiria, kama fundi anavyoweka kipimo juu ya ubao, na mahali pengi tulipopapenda palianguka hapo hapo.

Mume wangu alitaka milimani, kwa hoja kwamba kuna ubaridi. Hoja yake ilikuwa na nguvu, kwa sababu mtoto hulala vizuri zaidi katika chumba chenye hewa ya ubaridi kuliko chenye joto. Hata hivyo tuligundua kwamba ubaridi huo hudanganya: kwa kila mita 1,000 unazopanda, miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, na kwa kuwa ngozi haihisi joto, mzazi hamvalishi mtoto kofia. Hilo lingerekebishika kwa uangalifu. Lililotushinda ni kwamba sehemu ile ilikuwa ya miteremko mitupu, na mtoto wa miezi 17, ambao ndio umri ambao mwanangu angekuwa nao kiangazi kile, huo ndio wakati wake wa kukimbia kabla hajajua kujizuia.

Tulifikiria pia kwenda nchi ya mbali, kwa kuwa rafiki zetu walitualika kwa moyo mkunjufu. Hapa niliongea na daktari wa watoto, na mazungumzo yale yalinifundisha kwamba baadhi ya maeneo huamuliwa na umri wa mtoto kabla mzazi hajaamua chochote. Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9, na haitolewi kabisa chini ya miezi 6, kwa hiyo mtoto mchanga kupita kiasi hana kinga ya kuingia nayo katika eneo lenye ugonjwa huo. Chanjo ya surua inaweza kuwahishwa kuanzia miezi 6 kwa mtoto anayesafiri kwenda penye mlipuko, ila dozi hiyo haihesabiwi badala ya zile za ratiba yake. Penye malaria, wanaokufa kwa wingi ni watoto wa chini ya miaka mitano, na dawa ya kinga hupimwa kwa uzito wa mtoto, mbali na chandarua kilichotiwa dawa ambacho hakikwepeki. Zaidi ya hayo kulikuwa na majira ya saa: mwili huhitaji takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti, na sisi tungekwenda mahali penye tofauti ya saa sita kwa siku nane. Tungerudi nyumbani wakati ambapo watoto ndiyo kwanza wameanza kulala kwa saa za huko. Tuliwashukuru rafiki zetu na kuwaomba watualike tena watoto wakikua.

Palipobaki ni mahali ambapo hakuna mtu anayepasifu. Ni kijiji kando ya ziwa, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kwetu. Saa tatu zilikuwa ndio mpaka tuliojiwekea, kwa kuwa mtoto mdogo hapaswi kukaa kwenye kiti chake cha gari zaidi ya saa mbili bila kutolewa na kunyooshwa, na tulitaka safari yenye pumziko moja tu. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri watoto wakiwa wamelala, tukapumzika mahali penye kivuli, tukafika kabla joto halijaanza. Wakati wa mapumziko tuliwatoa wote wawili ndani ya gari hata kama mmoja alikuwa amelala, kwa sababu gari lililofungwa juani huongezeka joto kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na kufungua dirisha kidogo hakusaidii kitu cha maana.

Kabla ya kulipa nilimpigia mwenye nyumba simu, naye alikuwa mama mtu mzima mwenye subira. Nilimsalimu, nikamwomba radhi kwa maswali mengi, kisha nikamwuliza mambo ambayo sikuwahi kumwuliza mtu. Jua la mchana linaingia chumba kipi? Je, kuna chumba kinachoweza kutiwa giza saa saba mchana? Maji ya bomba la moto hutoka kwa joto gani? Kuna vidato vingapi kati ya mlango na uwanja? Mti ule unaoonekana pembeni unatupa kivuli upande gani asubuhi? Nilimwomba picha za sakafu, bafu, ngazi na kitanda cha mtoto, na nikamwambia kwamba sihitaji ya ziwa. Akacheka na kusema, “Mama, mimi nimelea wanne humu ndani, nakuelewa.” Alinitumia picha 11 jioni ile ile. Tangu hapo nimeona kwamba namna mtu anavyoyapokea maswali ya mzazi huniambia juu ya nyumba yake zaidi ya majibu yenyewe. Mwingine tuliyempigia kabla yake alisema kila kitu ni salama, bila kuuliza watoto wana umri gani.

Nyumba nyingine katika kijiji hicho hicho ilikuwa nzuri zaidi na tuliikataa. Mlango wake ulikuwa hatua 20 kutoka majini na hapakuwa na ua. Hapa naomba nichukue nafasi kidogo, kwa kuwa ni jambo linaloninyima usingizi kila kiangazi. Watoto wa mwaka mmoja hadi minne wamo katika kundi linalozama kwa wingi zaidi duniani, na kuzama kwa mtoto mdogo hakufanani na watu wanavyokudhania: hakuna kelele, hakuna kupunga mikono, kwa kuwa mtoto anayezama hana pumzi ya kuitia. Hutokea kwa muda ambao mzazi anatafuta taulo ndani ya mfuko, na kina cha sentimita 5 kinatosha. Mtu anaweza kudhani kwamba mahali penye watu wazima wengi pana usalama zaidi, kumbe ndipo kila mmoja huamini mwenziwe anatazama. Mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba mmoja wetu tu ndiye mlinzi kwa wakati, asiyeshika simu wala kitabu, aliye karibu na mtoto kiasi cha kumgusa kwa mkono, na kwamba kupokezana kunasemwa kwa sauti. “Zamu yangu.” “Zamu yako.” Mwanzoni tuliona haya kusema hivyo mbele za watu, baada ya siku mbili familia iliyokuwa jirani nayo ilianza kufanya vilevile.

Siku zenyewe kando ya ziwa hazina kisa cha kusimulia, na naliandika hilo kwa shukrani. Asubuhi tulitembea hatua 150 hadi mahali ambapo maji yalifika kwenye vifundo vya miguu yangu na kubaki hivyo kwa umbali mrefu. Binti yetu alijaza kopo na kulimwaga kwa muda wa saa nzima bila kuchoka. Mdogo wake aliingizwa majini kwa dakika chache tu kila mara, kwa kuwa mtoto mdogo hupoteza joto la mwili haraka, na midomo yake ilipoanza kupauka tulimtoa na kumkausha. Kufikia saa nne na nusu tulikuwa tumerudi chini ya mti. Mchana mdogo alilala saa mbili katika chumba cha giza, mkubwa alilala siku nyingine na siku nyingine akatazama picha kitabuni akiwa kimya, na sisi wawili tuliketi barazani. Hapo ndipo nilipopata ile jioni niliyoiota kwenye picha ya jabali, ila ilinijia saa nane mchana, bila bahari, nikiwa nimeegemea ukuta na kusikia pumzi za watoto kupitia dirishani.

Si kwamba mahali hapo panamfaa kila mtoto. Kama tungekwenda pale mwaka uliotangulia, mtoto yule mchanga wa miezi mitano asingefaidi ziwa kwa lolote, na pengine tungekuwa na busara zaidi kubaki nyumbani kwa bibi yao, kwenye mikono ya ziada. Mtoto wa miezi mitano hulala pale ulipomlaza, kwa hiyo mahitaji yake ni kivuli, maziwa ya mama na utulivu, na mahali pengi panaweza kumtimizia hayo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ndiye mgumu kuliko wote, kwa kuwa miguu imekwisha kumtangulia akili, na nyumba yenyewe, sakafu yake, kona zake, soketi zake za umeme, ndiyo inayoamua kama wazazi watapumzika. Mtoto wa miaka mitatu na nusu anaweza kuambiwa “subiri” na mara nyingine akasubiri, na kwake mtoto mwingine wa kucheza naye ana thamani kuliko mandhari yoyote. Watu huniuliza nipendekeze mahali pazuri kwa watoto, nami huwauliza kwanza mtoto wa miezi mingapi, anatembea au hatembei, ananyonya au ameachishwa, kisha ndipo nijaribu kujibu.

Mwaka huu tumerudi kwenye karatasi ile ile, maana ratiba imebadilika: mkubwa ameacha kulala mchana kabisa na mdogo hulala mara moja tu. Tulitazama sehemu nyingine mbili, moja kando ya bahari yenye ufukwe wa miti, nayo ilikuwa nzuri kwa kweli. Nilipowauliza watoto wanataka kwenda wapi, nikitarajia wataje ziwa, binti yetu alisema anataka kwenda “kwenye bomba.” Ilinichukua muda kuelewa. Uani kwa yule mama palikuwa na bomba lililokuwa likidondosha maji kidogo kidogo na kufanya kidimbwi cha ukubwa wa sahani, na sisimizi walikuwa wakikizunguka, na kila siku kabla ya chakula cha jioni wote wawili walichutama hapo wakiwatazama. Nilimpigia mwenye nyumba simu jioni ile ile. Alisema nyumba ipo wazi kwa tarehe zetu, kisha akaniambia kwa furaha kwamba bomba lile amekwisha kulitengenezesha na halivuji tena. Nilimpongeza, halafu nikamwomba kwa adabu atuwekee uani beseni pana lisilo na kina pamoja na kopo, nikamweleza kwamba tutalimwaga na kulifudikiza kila tutakapoingia ndani.